Kutoka mbabula hadi jiko bora: historia ya kazi ya wanawake

Historia ya mji wetu wa Lubumbashi hufundishwa kwa majina ya migodi na ya makampuni. Tunajifunza kwamba Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, kwamba reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na kwamba shaba ya kwanza iliyeyushwa kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911. Hayo yote ni kweli na yanastahili kukumbukwa. Hata hivyo, wale walioyeyusha shaba hiyo walirudi nyumbani jioni wakala. Chakula chao kilipikwa na mtu, juu ya moto, kwa kuni zilizokatwa msituni. Moto huo haukuzimika hata siku moja tangu mji ulipoanzishwa, lakini historia yake haisimuliwi.

Katika tafakari hii tunapenda kuisimulia kwa kifupi, kwa sababu inatuhusu sisi wa Annexe kuliko watu wengine wa mji. Komini yetu inauzunguka mji kama ukingo wa sahani. Kasapa, Kalebuka, Luwowoshi, Kisanga, Kasungami: hapa ndipo nyumba za mji zinapokutana na mashamba, na ndipo makala yanapopita yakitoka msituni kwa baisikeli na kwa magari, kwenye barabara za Kasenga, Kipushi na Likasi. Hapa pia ndipo akina mama wanapoweza kupata udongo, nafasi ya tanuri, na wanunuzi walio karibu. Ndiyo sababu swali la kuviunga mkono vikundi vya wanawake wanaotengeneza majiko yanayotumia makala machache ni swali letu hasa. Ili kulijibu vizuri, inafaa kwanza kujua wengine walifanya nini kabla yetu.

Umeme wa migodi, makala ya nyumba

Mtu mgeni akija Katanga hushangaa jambo moja. Nchi hii ina mito yenye nguvu, na mitambo ya umeme ilijengwa zamani: Mwadingusha juu ya mto Lufira mwaka 1930, Koni mwaka 1950, kisha Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba katika miaka ya 1950. Baadaye, mwaka 1982, ilikamilika njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Mbona basi nyumba nyingi, hata zile zilizofungwa waya, bado zinapika kwa makala?

Jibu limo katika historia. Mitambo hiyo haikujengwa kwa ajili ya jiko la mama. Ilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba na kobalti. Njia ya Inga ilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata taa moja, kwa maana umeme wake ulikuwa wa namna isiyoweza kugawanywa kwa urahisi njiani. Waliopanga mipango walihesabu tani za madini; sufuria za bukari hazikuingia katika hesabu yao. Kwa hiyo wanawake walibaki na kile ambacho mama zao walikuwa nacho, yaani msitu.

Kisha ikaja miaka migumu. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikia tena tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni hiyo kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mshahara na posho vilipokoma, kila nyumba ilitafuta njia. Baba wengi walikwenda msituni kuchoma makala, na mama wengi walikaa kando ya barabara kuyauza kwa vifungu. Makala yakawa chakula cha aina mbili: yanapika chakula, na yananunua chakula. Tusiwahukumu kwa haraka wale wanaokata miti. Wengi wao walisukumwa msituni na mambo ambayo hawakuyaamua.

Hesabu ya mti na mfuko

Msitu wetu ni miombo. Wazee wanaujua kwa majina ya miti yake: muputu, mutondo, musamba. Unatupatia uyoga, asali, dawa, na wale vinkubala tunaowapenda sana msimu wao unapofika. Miombo haifi kwa kukatwa mara moja. Ukiuacha upumzike, visiki na mizizi huchipua tena. Hufa ukikatwa, kisha ukalimwa, kisha ukachomwa moto kila kiangazi kabla machipukizi hayajapata nguvu. Zamani mtu aliweza kukata mahali pamoja na kurudi miaka mingi baadaye. Mji ulipokua, muda huo wa kupumzika ukapungua, na wachomaji wakalazimika kwenda mbali zaidi na zaidi. Wataalamu walitoa onyo mapema. Mwaka 1985 F. Malaisse na K. Binzangi walichapisha utafiti wao kuhusu kuni kama nishati katika Shaba ya Juu, kama eneo letu lilivyoitwa wakati huo.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, tufanye hesabu rahisi. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa mara nyingi kati ya kilo 10 na 20 za makala tu. Zinazobaki zimekwenda kuwa moshi na majivu. Maana yake ni kwamba mama akiokoa kilo 30 za makala katika nyumba yake, ameokoa kati ya kilo 150 na 300 za kuni huko msituni. Kilo moja iliyookolewa jikoni ina uzito mara tano hadi kumi porini. Hii ndiyo sababu jiko dogo linaweza kuwa jambo kubwa.

Basi tuiangalie mbabula tunayoijua. Imetengenezwa kwa bati la pipa kuukuu, imetobolewa pande zote, na ni rahisi kununua. Lakini bati halishiki joto, hulipitisha. Ukikaa kando yake unaota moto, na huo moto unaouota ndio ambao haukufika kwenye sufuria. Mashimo mengi huingiza hewa kupita kiasi, makala yakaisha upesi. Dawa yake imejulikana kwa muda mrefu: kuweka ndani ya bati chombo cha udongo uliochomwa, ambacho hushika joto na kulielekeza juu. Kujua dawa hiyo kulikuwa rahisi. Kuifikisha katika nyumba za watu kulichukua miaka, na hapo ndipo historia ya majirani zetu inapotufundisha.

Jiko la Nairobi

Inaelezwa mara nyingi kwamba jiko la bati lililetwa Afrika ya Mashariki na Wahindi waliojenga reli, mwanzoni mwa karne ya 20. Lilienea mijini kote. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa huko Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na wakati huohuo Kenya ilianza mradi wa kutafuta jiko bora, kwa msaada wa Marekani. Wataalamu walichukua wazo kutoka Thailand, ambako watu walipikia jiko lenye umbo la ndoo, lenye udongo ndani na bati nje.

Majaribio ya kwanza hayakufanikiwa vizuri. Udongo ulipasuka. Bei ilikuwa juu mno kwa mtu wa kawaida. Majiko mengine yalipimwa na wataalamu kwa maji yaliyochemshwa katika vyumba vya majaribio, lakini mpishi wa kweli hachemshi maji tu. Anasonga ugali kwa nguvu, na jiko lisilo imara hupinduka. Anabadilisha sufuria kubwa na ndogo, na jiko la kipimo kimoja humsumbua. Ilibidi mafundi wa bati, wafinyanzi na wanawake wenyewe waseme yaliyowashinda, na umbo likabadilishwa. Hatimaye likapatikana jiko lenye kiuno chembamba, pana juu na chini. Chombo cha udongo kiliwekwa katika nusu ya juu tu, likawa jepesi, likasimama imara, na udongo haukupasuka kwa urahisi. Likitengenezwa vizuri huokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya makala, likilinganishwa na lile la bati tupu.

Jambo la kutafakari ni namna lilivyoenea. Hapakuwa na kiwanda kimoja kikubwa. Mafundi wa jua kali, katika mitaa kama Shauri Moyo, waliiga umbo hilo wakaliuza kwa faida yao. Kwanza bei yake ilifikia dola 15 hivi. Ushindani ukaishusha hadi dola chache. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo. Kutoka huko wazo lilisafiri hadi nchi nyingine za jirani.

Kuiga huko kulikuwa na ubaya wake pia. Fundi asiye mwaminifu alipunguza udongo, akachoma kidogo, akapaka rangi nzuri nje. Mnunuzi hawezi kuona ndani. Baada ya miezi michache jiko lilibomoka, naye akawaambia jirani zake kwamba majiko hayo ni uongo. Jina jema la kazi hii hujengwa na wengi na linaweza kubomolewa na wachache.

Wafinyanzi wa magharibi

Huko Nairobi faida kubwa ilikwenda kwa wanaume, kwa sababu kazi ya bati ilikuwa mikononi mwao. Vijijini mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na habari hii ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi. Watu wa vijijini walipika kwa kuni juu ya mafiga matatu. Chama cha wanawake cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilishirikiana na Wajerumani tangu miaka ya 1980 kueneza jiko la kuni. Lilikuwa chombo cha udongo uliochomwa, kinachojengewa kwa matope katika jiko la nyumba bila bati lolote. Likapewa jina la chama chenyewe, Maendeleo, na baadaye likajulikana pia kwa jina la Upesi.

Katika magharibi ya Kenya, karibu na ziwa, ufinyanzi ulikuwa tangu zamani kazi ya wanawake. Walijua kuchagua udongo kwa vidole, kuuchanganya, kuukausha polepole na kuuchoma. Wakati sufuria za aluminiamu zilipoingia sokoni, vyungu vyao vilikosa wanunuzi na ujuzi wao ukaonekana kuwa wa kizamani. Jiko jipya likaurudishia ujuzi huo heshima. Vikundi kama kile cha Keyo, karibu na Kisumu, vilijifunza kutumia kielezo cha kipimo kimoja, ili kila chombo kifanane na kingine, vikawa vinatengeneza na kuuza. Wataalamu walileta kipimo, wanawake walikuwa tayari na mikono inayojua udongo. Hakuna upande uliofanya kazi peke yake.

Wale wanawake walikutana pia na matatizo ambayo hayahusu udongo hata kidogo. Tanuri hujengwa juu ya kiwanja. Kiwanja ni cha nani? Mvua zinaponyesha, vyombo havikauki; nani atajenga kibanda? Vyombo ni vizito na huvunjika njiani. Nani ana gari? Mnunuzi wa jumla huja na kutaja bei yake. Nani atakayekataa, ikiwa karo ya watoto inadaiwa? Kila kikundi kilichodumu kilipaswa kupata majibu ya maswali hayo.

Majiko mengi, matumizi machache

Tusidhani kwamba kila mpango wa majiko ulifaulu. Serikali ya India ilianza mpango wa taifa katika miaka ya 1980 na kuufunga mwaka 2002, baada ya kugawa mamilioni mengi ya majiko kwa kulipia sehemu kubwa ya bei. Mengi yalibomoka na kuachwa. Maofisa walihesabu majiko yaliyojengwa. Hesabu ya yale yanayowashwa ilikuwa jambo jingine. Watafiti waliofuata nyumba za Odisha kwa miaka kadhaa waliona kwamba moshi ulipungua mwanzoni, kisha faida ikatoweka kwa sababu majiko hayakutunzwa.

Katika siku zetu hizi kuna jaribu jipya. Makampuni hugawa majiko Afrika na kuuza huko ng'ambo hati za hewa ya ukaa iliyookolewa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Sustainability ulionyesha kwamba miradi iliyochunguzwa ilijihesabia wastani wa mara tisa hivi kuliko faida ya kweli. Fedha hizo zinaweza kusaidia, lakini mama anayewekewa jiko mlangoni ana haki ya kuuliza nani anauza nini kwa jina la sufuria yake.

Katika nchi yetu wenyewe, Goma imepitia mtihani mkali. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi kando ya Hifadhi ya Virunga. Walihitaji kuni kila siku ili wasife njaa, na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu likaathirika. Mwaka huohuo Virunga iliandikwa kati ya mali za urithi wa dunia zilizo hatarini. Biashara ya makala ikaendelea baada ya kambi kufungwa, mara nyingi ikilindwa na watu wenye silaha, na mwaka 2007 sokwe wa mlimani waliuawa katika mambo yaliyohusishwa na biashara hiyo. Mwaka huohuo shirika la WWF lilianzisha mpango wa EcoMakala. Wakulima walipanda miti katika mashamba yao wenyewe, ili makala ya mji yatoke huko badala ya hifadhini, na majiko bora yakaenezwa mjini. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu nzuri: jiko hupunguza haja ya makala, lakini haliimalizi, na sehemu inayobaki lazima itoke katika mti uliopandwa na mtu.

Kuunga mkono maana yake nini hapa kwetu

Sasa turudi Annexe. Tuna mambo mengi yaliyo tayari. Vichuguu vikubwa vinavyosimama katika mashamba yetu vina udongo ambao wafyatuaji wa matofali wameutumia kwa miaka mingi, na wenye ujuzi wanaweza kuujaribu na kuuchanganya hadi ufae. Tuna mafundi wa mbabula wanaojua bati. Tuna likelemba, ambamo akina mama hutunziana fedha kwa uaminifu mkubwa kuliko benki nyingi. Tuna mji wote wa kununua.

Mzigo mmoja wa historia umeondolewa, walau kwa maandishi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga, kama kutia sahihi mkataba. Mwezi wa saba wa mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, na ruhusa hiyo ikaondolewa. Kwa hiyo leo mama wa Kasungami anaweza kuandikisha kikundi, kufungua akaunti na kusaini mkataba kwa jina lake. Wengi hawajaambiwa. Kijana anayejua kusoma Kifaransa cha sheria na kukieleza kwa Kiswahili safi ana kazi ya kufanya jioni hii hii.

Kutokana na yote tuliyoyasimulia, tunaona mambo matano ya kutafuta kabla ya kusema tunaunga mkono kikundi.

Kwanza, umiliki. Kielezo, tanuri na kibanda viwe mali ya kikundi, na kiwanja kiwe na karatasi. Msaada unaoacha vyote katika jina la msaidizi, au la mume wa mwenyekiti, utaondoka pamoja naye.

Pili, ubora. Kibanda cha kukaushia si anasa. Kwetu mvua hunyesha kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi hadi wa nne, na chombo kilichochomwa kabla ya kukauka hupasuka. Kikundi kikatae kuuza chombo chenye ufa, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni, na kiweke alama yake juu ya kila kimoja ili mwenye lawama ajue pa kurudi.

Tatu, soko. Mama wa kikundi hahitaji kupongezwa kwa hotuba kama anavyohitaji kuuziwa jiko la kumi na la ishirini. Kununua kwa bei ya haki ni msaada mkubwa kuliko kugawa bure, kwa sababu jiko la bure huua bei ya yule aliyelitengeneza.

Nne, ukweli wa hesabu. Tupime katika nyumba zetu, kwa chakula chetu. Bukari na maharagwe havipikwi kwa muda mmoja. Jiko likiokoa robo tu ya makala badala ya nusu, tuseme robo. Robo iliyo ya kweli itauza majiko mengi kuliko nusu ya uongo.

Tano, afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao walikuwa watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Jiko bora la makala hupunguza matumizi, lakini halifanyi makala kuwa salama. Linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba wako watu wanaoingiza mbabula chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Wengine hawaamki. Kila jiko linalouzwa na kikundi liende na neno hili: lisilale ndani pamoja na watu.

Wapendwa vijana, tusiahidi kwamba jiko la udongo litaurudisha msitu wote. Haliwezi kufanya kazi ya umeme ambao haujafika, wala kazi ya miti ambayo haijapandwa, na haki ya kuvidai vyote viwili inabaki palepale. Lakini linaweza kumbakizia mama fedha kila mwezi, na fedha hizo tunajua zinakokwenda: daftari, dawa, sare ya shule. Linaweza kumpa mwenzake, aliyelitengeneza, kazi yenye jina na heshima. Na linaweza kumpa muputu mmoja, huko nyuma ya Kasenga, miaka michache zaidi ya kusimama. Waliotutangulia Nairobi na Kisumu walipata hayo kwa kusikiliza wapishi na wafinyanzi. Nasi tuanze hapo.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Kila mmoja apime makala yanayotumika nyumbani kwake kwa siku saba, kwa mizani, na bei yake. Je, ni sehemu gani ya fedha za nyumba? Nani anayezitafuta?

2. Katika mtaa wenu, ni akina mama gani wanaojua ufinyanzi au kuchoma matofali? Je, ujuzi wao unaheshimiwa? Waulizeni wenyewe wanakosa nini, na mwandike majibu yao kama walivyoyasema.

3. Kama kikundi cha vijana kingekuwa na fedha kidogo za kusaidia, je, kingenunua majiko na kuyagawa, au kingejenga kibanda cha kukaushia? Toeni sababu, mkikumbuka yaliyotokea India na Kenya.